Mwana Aliyekaa Nyumbani

Somo: Luka 15:11-32. Soma pia Ruthu 2, Mwanzo 30:25-30 na 2 Wathesalonike 3:6-12.



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mzee, niombee kijana yangu. Yuko na miaka thelathini na moja, amesoma mpaka akamaliza, na bado anakula kwa sufuria yangu." Nikamwuliza, "Tuombe nini, mama? Apate kazi ama atoke kwako?" Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hata sijui. Mimi naona tu aibu."

Tuliomba, akaenda. Lakini hilo neno aibu lilinifuata mpaka nyumbani. Aibu ya nini? Kijana haibi, halewi, hajampiga mtu. Kosa lake ni kwamba yuko kwao. Na kama kuwa kwenu ni kosa, basi hata mimi ninayeandika hapa nililifanya, tena kwa mwaka mmoja na nusu.

Kwa hivyo leo nataka tujiulize swali moja bila kuzunguka. Mtoto mzima kukaa kwa wazazi wake wakati maisha yamekuwa magumu, ni makosa? Na kama si makosa, yeye ana deni gani kwao, na wao wana deni gani kwake?

Nilirudi na giza

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Nilifanya kazi Nairobi, na mahali nilipoandikwa pakafungwa mwaka 2020 wakati wa Korona. Kodi ikanishinda mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia, mpaka Julai barabara zilipofunguliwa. Nikauza kitanda, nikafunga godoro kwa kamba, nikabeba mtungi wa gesi na mabegi mawili, nikapanda matatu ya Embu.

Wengi wenu mnaijua hii safari. Mnajua pia kwamba hakuna mtu hurudi na godoro mchana. Nilihesabu masaa ili nishuke stejini giza likiwa limeingia, kabla ya kafyu, watu wa soko wakiwa wameshafunga. Mama alikuja kunipokea na tochi. Hakuuliza kitu. Nikapewa kile chumba cha nje nilichojengewa nilipotoka jandoni, ambacho sasa kilikuwa stoo. Kulikuwa na magunia ya mbolea, na kuku alikuwa ametaga kwa kona.

Wiki tatu za kwanza niliishi kama mgeni. Niliamka saa tatu. Chai niliwekewa kikombe kikubwa kuliko cha baba. Nilishinda na simu, nikisema natafuta kazi, na kweli nilikuwa natafuta, lakini siku ina masaa mengi. Asubuhi moja nikatoka nje nikaona nguo zangu zimefuliwa, zimeanikwa kwa kamba. Mama yangu alikuwa na miaka sitini na tano na mgongo mbaya.

Sikusema kitu. Aliyesema ni baba. Jioni hiyo aliniita ndani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limejaa karatasi: stakabadhi za majani chai, risiti za mbolea, na kitabu cha mkopo wa SACCO. Akaniambia, "Huu mkopo nilichukua ukiwa chuo. Bado nalipa. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na nyumba yako. Sasa uko hapa, ni lazima ujue." Akanionyesha bonasi iliingia kiasi gani na ilienda wapi. Halafu akaniuliza, "Katika hizi, wewe unaweza kubeba gani?"

Sikuwa na pesa, na yeye alijua. Nikamwambia naweza kuchuma majani chai zile siku ambazo yeye huita vibarua, ile pesa ya kibarua ibaki. Na ng'ombe awe wangu, kumkatia nyasi na kumkama. Akafunga sanduku. Akaniuliza kama nimekula.

Mpendwa, kwa mguu nilifika kwetu mwezi wa Julai usiku. Lakini mimi huhesabu kwamba nilirudi nyumbani ile jioni ya sanduku.

Imetokea nini?

Kabla hatujamhukumu mtu, tuangalie hali ilivyo. Meru na Embu ni kati ya sehemu za kwanza Kenya ambapo Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930. Baadaye ikaja chai. Hayo mashamba yalisomesha watu wengi. Lakini shamba halizai shamba. Lililokuwa la babu liligawanywa kwa wana watano, na la mmoja wa hao watano likagawanywa tena, na leo kijana anaonyeshwa kipande ambacho akijenga nyumba na choo, hana mahali pa kupanda maharagwe.

Kule Igembe na Tigania watu walitegemea miraa. Uholanzi ikaifungia mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Machi 2020 Somalia nayo ikafunga mlango mpaka Julai 2022. Watu wa Mbeere walitegemea muguka, na Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zikatangaza kuipiga marufuku. Sisemi hapa kama hayo majani ni mazuri. Pasta ameshafundisha juu ya hilo, na msimamo wa kanisa mnaujua. Nasema tu kwamba karo na mabati ya nyumba nyingi yalitoka huko, na mlango ukifungwa London au Mogadishu, kijana wa Maua anarudi kwa mama yake.

Hata aliyeandikwa kazi, kabla hajashika mshahara, amekatwa asilimia 1.5 ya nyumba za serikali na, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya bima ya afya. Kinachobaki ndicho alipe kodi, nauli, unga, na atume kidogo nyumbani.

Na msidhani ni sisi peke yetu. Marekani, hiyo nchi tunayokesha tukiombea viza, Pew Research Center walihesabu wakapata kwamba Julai 2020 asilimia 52 ya vijana wa miaka 18 hadi 29 walikuwa wanaishi kwa wazazi wao. Wale nao si wavivu wote.

Je, Neno linakataza?

Watu hupenda kutumia maandiko mawili kumpiga kijana aliye kwao. La kwanza ni Mwanzo 2:24, pale mwanamume anapowaacha baba na mama na kuambatana na mkewe. Ni kweli limeandikwa. Lakini endelea kusoma hicho kitabu mpaka sura ya 24, mstari wa mwisho. Isaka alipomwoa Rebeka, alimwingiza wapi? Katika hema la Sara mama yake. Hakuhama mji. Kuwaacha wazazi kunakosemwa pale ni kuhusu nani sasa anabeba nyumba yako, nani unamsikiliza kwanza, nani unamjibia. Mtu anaweza kukaa Nairobi miaka kumi akitumiwa pesa ya kodi na mama, huyo hajaacha mtu. Mwingine analala mita ishirini kutoka jikoni kwa mama yake na tayari ni mtu mzima mbele za Mungu.

La pili ni lile la Paulo kwa Wathesalonike, kwamba asiyefanya kazi asile. Soma polepole. Paulo anamzungumzia yule asiyetaka kufanya kazi. Hamsemi yule aliyetafuta akakosa. Hawa ni watu wawili tofauti, na sisi tumezoea kuwavika shati moja.

Na desturi zetu je? Wazee wa Meru watawaambia juu ya gaaru. Kijana akishatahiriwa hakulala tena kwa nyumba ya mama. Alienda gaaru na wenzake wa rika, na alikaa huko mpaka wakati wake wa kuoa ufike. Alikuwa mtu mzima, na bado alikuwa wa kwa baba yake. Hakuna aliyemwita mzigo, kwa sababu kazi yake ilijulikana: hao vijana ndio waliolinda watu na mifugo. Siku hizi chumba cha nje tunakijenga. Ile kazi iliyokuja na chumba ndiyo tumeisahau.

Yule kaka mkubwa

Sasa njooni Luka 15. Tumehubiri mwana mpotevu mpaka watoto wa Sunday School wanajua nguruwe walikula nini. Lakini kulikuwa na mtoto mzima mwingine kwa ile boma, aliyekuwa hajatoka. Huyo ndiye mwana aliyekaa nyumbani.

Angalia mstari wa 12. Mdogo alipoitisha mali, baba aliwagawia wote wawili. Na kwa sheria ya Kumbukumbu 21:17, mzaliwa wa kwanza alipata sehemu mbili. Kwa hivyo kaka mkubwa alikuwa tayari ana shamba, tena kubwa. Lakini anapokasirika analalamika nini? Kwamba hajawahi kupewa hata kambuzi afurahie na marafiki zake. Mtu wa Meru akisikia hapo anacheka, kwa sababu anajua: mbuzi ni wako, zizi ni lako, unangoja nani akukamatie?

Anasema pia kwamba miaka hiyo yote amemtumikia baba. Alilima, hatukatai. Lakini kwa moyo wake alikuwa kibarua anayehesabu siku. Na yule mdogo, akiwa njiani kurudi, mpango wake ulikuwa nini? Aombe kuwa mmoja wa vibarua wa baba. Mnaona? Ndugu wawili, mmoja alienda mbali, mmoja alibaki, na wote wawili walifikiria nyumba ya baba yao kama mahali pa mshahara. Baba alimkatiza mdogo kabla hajafika kwa hilo ombi la kibarua. Na mkubwa akamwita mwanangu, akamwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake.

Hapo ndipo nimepata jibu la yule mama. Kukaa nyumbani si kosa. Swali ni unakaa kama nani. Unaweza kukaa kama mgeni, unawekewa kikombe kikubwa na hujui sukari ilitoka wapi. Unaweza kukaa kama kibarua, unafanya ukinung'unika na kuhesabu. Au unaweza kukaa kama mwana, unayejua hali ya nyumba na unabeba upande wako. Mgeni na kibarua hawaambiwi habari ya madeni. Mwana huambiwa.

Neno kwa aliye nyumbani

Ndugu yangu, dada yangu, usingoje kupata pesa ndio uanze kuwa mtu. Mwaka 2023 huko Pavia, Italia, mama wa miaka 75 aliwapeleka wanawe wawili mahakamani ili watoke kwake. Mmoja alikuwa na miaka 40, mwingine 42. Alishinda kesi. Lalamiko lake lilikuwa kwamba walikuwa wanapata pesa lakini hawachangii kitu, na kazi za nyumba hawagusi. Mimi naamini hata sufuria zilizooshwa zingepunguza hiyo hasira.

Mwangalie Ruthu. Mwanamke mzima, mjane, anakaa na mama mkwe asiye na kitu. Hakungoja kazi nzuri itangazwe Bethlehemu. Alimwambia Naomi anaenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji, kazi ya maskini kabisa. Jioni akarudi na shayiri, na hata chakula alichopewa mchana alikuwa amemwekea mama mkwe. Hiyo ni kukaa kama mwana.

Na hapa niseme juu ya mabinti. Kijana wa kiume akirudi, watu husema maisha ni magumu. Binti akirudi kutoka kwa ndoa iliyomvunja, na watoto wawili mgongoni, watu husema ameshindwa, na kaka zake wanaanza kuhesabu shamba. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haikubagua mwana na binti, na Katiba ya 2010 imekazia. Lakini Mungu alikuwa amesema kabla ya hao wote, pale mabinti wa Selofehadi walipomwendea Musa katika Hesabu 27. Baba, binti yako akibisha mlango usiku, usimwulize kwanza atarudi lini.

Neno kwa mzazi

Mzazi, kosa letu kubwa si kuwapokea. Kosa letu ni kuwaficha ukweli. Tunamwambia mtoto wa miaka thelathini kwamba kila kitu kiko sawa, halafu tunaenda kukopa unga kwa duka gizani. Tunafikiri ni upendo, na kwa sehemu ni upendo. Lakini asiyejua mzigo hawezi kuubeba, na baadaye tunamlaumu kwa kutobeba. Fungua sanduku. Mwonyeshe. Kisha mwulize, usimwamuru kama mtoto wa darasa la nne.

Usimtangaze sokoni pia. Mambo unayomwambia jirani kumhusu, mwambie yeye kwanza.

Kuna mmoja ataniuliza, "Na wangu anayelewa na kuuza kuku zangu, je?" Hilo ni gumu, na sitalirahisisha. Lakini rudi kwa ile hadithi. Baba alimngoja mwanawe, alimwona akiwa bado mbali, alikimbia. Hakuna mahali alimtumia pesa kule nchi ya mbali aendelee. Unaweza kusema, "Hapa ni kwenu siku zote, lakini pombe haiingii na kuku hauzwi," na usiwe umekosa upendo. Mlango wazi haumaanishi nyumba haina sheria.

Na kuna mzazi wa aina ya Labani. Labani alitambua kwamba anabarikiwa kwa sababu ya Yakobo, na kwa hivyo hakutaka aende. Yakobo ilibidi amwulize ni lini atafanyia kazi nyumba yake mwenyewe. Kama mtoto wako amekuwa mkono wako wa kulia, mshukuru, na umwachilie wakati wake ukifika. Kaeni chini kila miezi sita mwulizane mmefika wapi. Kukaa bila mazungumzo ndiko huzaa uchungu, hata kwa watu wanaopendana.

Neno kwa kanisa

Wapendwa, na sisi tuna sehemu yetu. Tusiwe wepesi kusema kila aliyerudi kwao ana roho ya kukwama. Nimeona vijana wakiitwa mbele kuwekewa mikono kwa sababu hawana kodi, na bei ya vitu ndiyo ilipanda. Tuombe, ndiyo, mimi naamini katika maombi. Lakini tukimaliza kuomba tumwulize anaweza kufanya nini, na ni nani kati yetu ana kazi hata ya siku mbili.

Tuangalie pia shuhuda zetu. Aliyehamia nyumba yake anapewa kipaza sauti. Aliyekata nyasi mwaka mzima akimlipia baba yake deni, huyo hatujamwita. Na ile salamu yetu ya pale nje, "Kwani bado uko kwenu?" tuiache. Hayo ni maneno ya kaka mkubwa akiwa amesimama nje, anasikia ngoma na hataki kuingia.

Mwisho wa habari yangu

Nilitoka kwetu Januari 2022, nikapanga chumba kimoja mjini Embu. Mkopo wa SACCO tulikuwa tumeupunguza, haukuwa umeisha. Mwaka uliofuata baba alilala. Kwa kikao cha mazishi watu walikuja na madai, kama kawaida, mengine ya kweli na mengine ya kubuni. Hatukugombana. Nililijua sanduku, nilijua kila karatasi. Ng'ombe wa mwisho tuliyemkama na yeye ndiye aliyemaliza deni.

Jumapili iliyopita nilimtafuta yule mama. Nikamwuliza kama kijana wake anajua nyumba inadaiwa nini. Akasema, "Hapana, mzee, sitaki kumsumbua, ana yake." Nikamwambia, "Mama, anzia hapo. Msumbue."

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nyumba yenu, ni nani anajua hali ya pesa na ni nani hajui? Kwa nini?
2. Ukiwa unakaa na wazazi, wiki hii utabeba nini ambacho hukuwa umebeba?
3. Ni nani kwa ushirika wetu amerudi nyumbani na hatujamtembelea?

Tuombe. Baba, wewe hutuiti vibarua. Tupe moyo wa mwana kwa nyumba ulizotuweka. Wape wazazi ujasiri wa kusema ukweli, na watoto mikono ya kubeba. Fungua milango ya kazi. Na yule anayengoja giza ndio arudi kwao, mfikishe salama, na tochi iwe inamngoja. Katika jina la Yesu, Amina.